Nani Aliye Mateka? Filamu ya “Split” na Majeraha Yasiyosemwa

Miezi michache iliyopita, katika semina ya vijana, mmoja wao alinyanyua mkono kabla hatujaingia kwenye mada na kutuuliza: “Yule mtu wa kwenye filamu ya Split ana mapepo 24. Mbona hawakumpeleka kwa padre?” Wenzake walicheka, lakini hakuna aliyelipuuza swali. Wengi walikuwa wameiona filamu hiyo kwenye simu zao, tena usiku, peke yao, pasipo mtu mzima wa kuzungumza nao baada ya taa kuzimwa. Tuliahidi kuitazama kisha tujibu. Tumeitazama, na jibu letu limekuwa refu kuliko tulivyodhani. Tunawaonya mapema kwamba tutaieleza hadi mwisho, maana kiini chake kimefichwa mwishoni.

Filamu hii iliandikwa na kuongozwa na M. Night Shyamalan, mzaliwa wa India aliyekulia katika jimbo la Pennsylvania nchini Marekani. Ametoka katika familia ya Kihindu, lakini utotoni alisoma katika shule ya Kikatoliki, na maswali ya imani hujitokeza mara kwa mara katika kazi zake. “Split” ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 2016 na kuingia kwenye majumba ya sinema ya Marekani Januari 2017. Iligharimu dola milioni 9 hivi na kuingiza zaidi ya dola milioni 270, kwa hiyo si ajabu kwamba imewafikia hata vijana wetu.

Kisa chenyewe ni hiki. Wasichana watatu, Claire, Marcia na Casey, wanatoka kwenye sherehe ya kuzaliwa ya Claire. Wanaketi garini wakimsubiri baba yake Claire, na mwanamume wasiyemjua anaingia mahali pa dereva. Anawapulizia dawa, wanapoteza fahamu, na wanapozinduka wamo katika chumba kisicho na dirisha. Mtekaji wao, Kevin Wendell Crumb, anayeigizwa na James McAvoy, huja kwao kila mara akiwa mtu mwingine: mara ni Dennis, mwanamume mkali anayechukia uchafu, mara ni Patricia, mwanamke mwenye adabu ya kutisha, mara ni Hedwig, mtoto wa miaka 9. Tabibu wake, Dakta Fletcher, anazifahamu haiba 23 ndani ya mtu huyo. Ya 24 inatarajiwa kuja, nayo inaitwa Mnyama. Mahali walipofungiwa, tunakuja kutambua, ni chini ya bustani ya wanyama ya jiji la Philadelphia.

Hapa inatupasa kusimama kwenye neno moja. Wengi husema mtu wa namna hii ana “nafsi nyingi”. Sisi tumetumia “haiba”, na tunayo sababu. Mkatoliki anayesali kwa Kiswahili anajua uzito wa neno nafsi. Ndilo tunalolitumia tunapokiri Mungu mmoja katika Nafsi tatu. Mwanadamu naye, kadiri ya mafundisho ya Kanisa, ni nafsi moja, umoja wa mwili na roho, aliyeumbwa kwa sura na mfano wa Mungu. Ugonjwa hauwezi kumgawa akawa watu wawili mbele ya Muumba wake. Aliyebatizwa alibatizwa mara moja, kwa jina moja.

Inafurahisha kwamba wanasayansi, kwa njia yao wenyewe, wamefika karibu na hapo hapo. Hali hii zamani iliitwa ugonjwa wa haiba nyingi. Mwaka 1994 wataalamu wa magonjwa ya akili wa Marekani walibadili jina hilo, kwa sababu lilipotosha. Walitaka ieleweke kwamba hakuna watu wengi waliojazana ndani ya mwili mmoja. Yupo mtu mmoja ambaye utambulisho wake umekatika vipande na kumbukumbu zake zimetengana. Mara nyingi chanzo kinachotajwa ni mateso makali ya utotoni, yanayorudiwa rudiwa, katika umri ambao mtoto hawezi kukimbia wala kujitetea. Mwili hauna pa kukimbilia, basi akili inakimbia. Anayepigwa anakuwa “mtu mwingine”, na yeye anabaki mbali, akitazama. Wapo wataalamu wanaoutilia shaka ugonjwa huu, wakisema kwamba nyakati fulani tabibu asiye mwangalifu anaweza kumpandikizia mgonjwa mawazo hayo. Mjadala wao bado unaendelea, nasi hatuna mamlaka ya kuufunga. Ila kwamba mateso ya utotoni humvunja mtu, hilo halibishaniwi.

Filamu yenyewe inalijua hilo. Tunaonyeshwa kwa kifupi sana Kevin akiwa mtoto, amejificha chini ya kitanda, mama yake akimwita kwa hasira huku ameshika kitundikio cha nguo cha waya. Ni sekunde chache tu. Tungependa vijana wetu wazikumbuke hizo zaidi ya yote yanayofuata, ya kupanda ukutani na kupinda vyuma.

Turudi basi kwenye swali la kijana wetu. Je, ni mapepo?

Kanisa halikanushi kuwapo kwa Mwovu, wala halioni haya kuomba ulinzi dhidi yake. Lakini Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 1673, inafundisha waziwazi kwamba ugonjwa, hasa ugonjwa wa akili, ni jambo tofauti kabisa, na kwamba tiba yake ni kazi ya sayansi ya utabibu. Kabla ya kupunga pepo ni lazima kuhakikisha kwamba si ugonjwa. Sheria ya Kanisa, kanuni 1172, inadai zaidi: hakuna awezaye kihalali kumpunga aliyepagawa bila idhini maalumu na ya wazi ya Askofu mahalia au mwenye mamlaka kama yake, na idhini hiyo hupewa padre mwenye uchaji, elimu, busara na maisha manyofu. Mwaka 1985 Kardinali Joseph Ratzinger, akiwa mkuu wa Idara ya Mafundisho ya Imani, aliwaandikia maaskofu kuwakumbusha kwamba waamini walei hawaruhusiwi kutumia sala ya kupunga pepo iliyotolewa na Papa Leo XIII. Kwa hiyo padre ambaye angeletewa Kevin angepaswa kwanza kuuliza: amepelekwa hospitali? Na swali hilo lingekuwa ndiyo imani ya Kanisa ikifanya kazi.

Wengine watatutajia Injili ya Marko, sura ya 5, yule mtu wa nchi ya Wagerasi aliyesema kwamba jina lake ni Legioni kwa kuwa walikuwa wengi. Ni kweli, na hatuna haja ya kuigeuza Injili kuwa kitabu cha utabibu. Lakini tuisome yote. Kabla Kristo hajafika, watu wa mji walikuwa wamejaribu dawa moja tu kwa ndugu yao: minyororo na pingu. Walimfunga, akazikata, wakamwacha makaburini akipiga kelele usiku na mchana na kujikatakata kwa mawe. Kristo Yesu hakumfunga. Alimuuliza jina lake. Na habari inapokwisha, mtu huyo ameketi, amevaa nguo, ana akili zake timamu, naye anatumwa kurudi nyumbani kwa watu wake.

Hapo ndipo filamu hii inapotupotosha, na ndilo jambo tunalotaka lisikike zaidi. Katika “Split” mgonjwa wa akili ndiye mfungaji, na walio wazima ndio mateka. Katika maisha halisi mara nyingi mambo ni kinyume. Mwaka 2020 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu watu wenye magonjwa na ulemavu wa akili wanaofungwa minyororo au kufungiwa ndani katika nchi zipatazo 60, Kenya ikiwamo. Wengine hufungiwa nyumbani na jamaa zao waliokata tamaa. Wengine hufungwa katika vituo vya waganga wa jadi, na wengine, tunasema kwa aibu, katika nyumba za maombi, wakinyimwa chakula kwa jina la mfungo na kupigwa kwa jina la Mungu. Nani kati yetu hajasikia habari ya nyumba yenye chumba cha nyuma kisichofunguliwa wageni wakiwapo?

Hatusemi kwamba mgonjwa hawezi kamwe kumdhuru mtu. Kuna kesi ya kweli ambayo wengi hukumbuka wanapoitazama filamu hii, ya Billy Milligan wa Ohio, aliyekamatwa mwaka 1977 kwa kuwabaka wanawake, na ambaye mahakama haikumtia hatiani kwa sababu ya ugonjwa wa namna hii. Wanawake wale waliumizwa kweli, na ugonjwa wa aliyewaumiza haukufuta maumivu yao. Lakini kesi moja iliyotangazwa duniani kote si picha ya wagonjwa wote. Wataalamu wa Marekani wanaeleza kwamba zaidi ya asilimia 70 ya wagonjwa wa hali hii wanaotibiwa bila kulazwa wamewahi kujaribu kujiua. Anayekabiliwa zaidi na hatari ni mgonjwa mwenyewe. Ndiyo maana matabibu na wagonjwa kadhaa waliilalamikia filamu hii ilipotoka, nasi tunaona walikuwa na haki. Kijana aliyeiona, kisha akakutana na jirani anayeongea peke yake njiani, ataona mnyama kabla ya kuona mtu.

Kosa la pili la filamu ni la ndani zaidi, na linahusu teolojia. Mnyama, anapotokea, ana mafundisho yake. Kwake, waliovunjwa na mateso ndio walio safi, na wale ambao hawajawahi kuumizwa ni najisi wasiostahili kuishi. Kwa hiyo Claire na Marcia, wasichana wawili waliopendwa na wazazi wao, wanauawa kikatili. Filamu haiwaombolezi. Ni kana kwamba kosa lao lilikuwa kulelewa vizuri. Lakini Mnyama anapomfikia Casey na kuona makovu mwilini mwake, anamwacha. Anamtangaza kuwa safi. Wapo watazamaji wanaofarijika kwa tukio hilo, hasa wale waliobeba makovu yao wenyewe, na hatutaki kuwacheka. Kwa mara moja mtu fulani ameyaona makovu bila kuyadharau.

Hata hivyo, ni faraja yenye sumu. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika Waraka wake wa Kitume “Salvifici Doloris” wa tarehe 11 Februari 1984, hafundishi kwamba mateso kwa yenyewe humtakasa mtu. Mateso ni kuonja uovu. Kinachokomboa ni upendo wa Kristo aliyeingia ndani ya mateso hayo, na waraka huo unaelekea kwa Msamaria Mwema: mateso ya jirani yapo mbele yetu ili yafungue upendo ndani yetu, tuvuke barabara na kuinama. Makovu ya Mfufuka hayakumpa haki ya kulipiza. Aliwaonyesha wanafunzi wake akiwatakia amani.

Kuhusu usafi, Kanisa lilikwisha kulisemea jambo hili zamani sana. Mji wa Roma ulipotekwa mwaka 410, wanawake wengi Wakristo walibakwa, na walikuwapo watu waliowanyoshea kidole kana kwamba wamepoteza heshima yao. Mtakatifu Augustino, katika kitabu cha kwanza cha “Mji wa Mungu”, aliwatetea. Alifundisha kwamba usafi wa moyo hukaa katika utashi, na kwamba tendo ambalo mtu analitenda kwa mwili wa mwingine bila ridhaa yake haliwezi kumnajisi aliyetendewa. Uchafu ni wa mtenda. Wapo miongoni mwetu wanaoamini kinyume cha Mnyama, kwamba binti aliyebakwa “ameharibika”. Tumelisikia neno hilo hata vinywani mwa wazazi. Augustino anawajibu wote wawili: kuumizwa hakumfanyi mtu kuwa najisi, wala hakumfanyi mtakatifu. Alikuwa mtoto wa Mungu kabla, naye ni mtoto wa Mungu baada.

Tukio moja la filamu tulilirudia mara mbili, maana lina ukweli ambao pengine mwandishi mwenyewe hakuukusudia. Dakta Fletcher, kabla ya kufa, anaandika kwenye karatasi kwamba ili kumpata Kevin halisi ni lazima kumwita kwa jina lake kamili. Casey anaikuta karatasi, analiita jina, na Kevin anarudi. Amechanganyikiwa. Hajui ni mwaka gani wala ametenda nini. Anapotambua kwamba mikono yake imemwaga damu, ombi lake ni moja tu: auawe. Anamwonyesha hata mahali bunduki ilipo.

Kanisa lingemwambia nini mtu huyu? Katekisimu, namba 1735, inafundisha kwamba dhamana ya tendo inaweza kupungua au hata kuondolewa kwa sababu ya kutojua, hofu, na hali nyingine za kisaikolojia. Kwa hiyo ni Mungu peke yake anayejua Kevin anawajibika kwa kiasi gani. Angehitaji hospitali, ulinzi ili asimdhuru mtu tena, na padre wa kukaa karibu naye. Mgonjwa wa akili anayo haki ya Sakramenti kadiri ya hali yake. Mpako wa Wagonjwa haukuwekwa kwa ajili ya magonjwa ya mwili peke yake. Wapo waamini wanaoona haya kumwita padre kwa mgonjwa wa namna hii, wakidhani ataleta aibu kanisani. Mwiteni. Na wapelekeni wagonjwa hospitali bila kuona kwamba mmepungukiwa na imani. Sala na dawa havijawahi kugombana.

Limebaki jambo la Casey. Filamu inaturudisha nyuma vipande vipande, kwenye safari za kuwinda alipokuwa mtoto mdogo, pamoja na baba yake na John, mjomba wa familia. Tunaelewa polepole kwamba mjomba huyo alimdhulumu kijinsia. Kisha baba anafariki kwa ugonjwa wa moyo, na mtu yule yule anakuwa mlezi wake. Shuleni Casey anafanya makosa kwa makusudi ili apewe adhabu ya kubaki, awe mbali na watu. Walimu waliona mtoto mkorofi. Wenzake waliona msichana wa ajabu, aliyealikwa kwenye sherehe kwa huruma tu. Alikuwa mateka miaka mingi kabla ya mtu asiyejulikana kuingia garini, na hakuna aliyemtafuta, kwa sababu kila jioni alirudi nyumbani.

Tunaandika haya tukijua kwamba si habari ya Philadelphia peke yake. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walikuwa wamepitia aina fulani ya ukatili wa kijinsia kabla ya kutimiza miaka 18. Hesabuni watoto wa Utoto Mtakatifu Jumapili ijayo. Katekisimu, namba 2389, inautaja unyanyasaji unaofanywa na watu wazima dhidi ya watoto waliokabidhiwa kwao kuwa jambo linaloacha alama kwa maisha yote. Wala tusinyoshe kidole kwa familia peke yake. Kanisa lenyewe limekuwa na mateka wake walionyamazishwa, ndiyo maana Baba Mtakatifu Fransisko alitoa barua binafsi “Vos estis lux mundi” mwaka 2019, na kuihuisha mwaka 2023, akiwawajibisha mapadre na watawa kutoa taarifa.

Na walei je? Nchini Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 95, inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azifikishe kwa serikali ya mtaa. Polisi wanalo Dawati la Jinsia na Watoto. Namba 116 ya kuwasaidia watoto hupigwa bure, Tanzania na pia Kenya. Kumaliza mambo “kifamilia”, kwa kikao na faini ya mbuzi, ni kumrudisha mtoto kwa mtekaji wake. Na mtoto anayelileta jambo hili kwenye Sakramenti ya Kitubio kama dhambi yake aambiwe kwa upole kwamba hilo si dhambi yake. Padre hawezi kuivunja siri ya maungamo kwa vyovyote, lakini anaweza kumtia moyo amwambie mtu mzima anayemwamini, au amweleze padre mwenyewe nje ya maungamo, ili asaidiwe.

Vijana wanaotuuliza kama waitazame, jibu letu ni kwamba haifai kwa watoto, ingawa Marekani iliruhusiwa kuonyeshwa hata kwa walio karibu na miaka 13. Ina ukatili, na ina namna ya kuwaonyesha wasichana wakipunguziwa nguo ambayo haikuhitajika. Walio wakubwa wakiitazama, waitazame na mwingine, kisha wazungumze.

Na wakiitazama, wasizime kabla ya dakika za mwisho. Casey ameokolewa. Amekaa ndani ya gari la polisi, amefunikwa blanketi. Afisa wa kike anamwendea na kumwambia, kwa sauti ya kumfariji, kwamba mjomba wake amefika kumchukua, je, yuko tayari? Casey hajibu. Anamtazama tu yule afisa, kwa muda mrefu, na uso wa afisa unaanza kubadilika. Filamu haituonyeshi alichosema baadaye.